Ovaroli Nyekundu

Ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wa watu waliopita soko la Mlango Mmoja, Mwanza, saa nane za mchana, jua likiwaka hadi mawe ya Mabatini yanataka kutoa moshi, ukamwona kijana amevaa ovaroli nene yenye bitana ya pamba, amechuchumaa, kanyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, basi nakuomba radhi. Yule kijana nilikuwa mimi. Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa nachagua nguo ya kazi.

Mama mmoja mwenye beseni la ndizi alisimama kabisa, akamwuliza muuzaji, "Huyu kaka naye anakwenda Ulaya?"

"Anakwenda Ulaya ya hapahapa, mama," muuzaji akajibu bila kunitazama.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Hiyo ilikuwa mara ya pili nanunua nguo ya kazi ileile ndani ya wiki mbili, na fedha niliyoishika mfukoni haikuwa yangu. Habari ya ile mara ya kwanza ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo. Pointi sizitaji, kwa sababu mama naye husomewa jarida hili. Tangu hapo nimekuwa na shughuli moja tu ya maana, nayo ni riwaya. Wewe unayesoma hapa nadhani ugonjwa huu unaujua. Una kaunta buku chini ya godoro, una shujaa ambaye ukilala yeye ndiyo kwanza anaamka, na shangazi akikuuliza "siku hizi unafanya nini?" unakohoa. Mimi nilikuwa na kaunta buku mbili zilizojaa na ya tatu imefika katikati. Shujaa wangu ni mpelelezi wa Mwanza anayelifuatilia genge la magendo ya mabondo ya sangara mpaka London. Kwenye steshenari waliniambia kuchapa ukurasa mmoja kwa kompyuta ni shilingi 500. Nikapiga hesabu, nikaanza kudunduliza. Nimebeba zege, nimeuza maji stendi, nimemsaidia mshikaji wangu kufunga madishi juu ya mapaa. Ilipofika Machi kopo langu la maziwa lilikuwa na shilingi 90,000.

Ndipo jirani yetu akaleta habari kwamba kiwanda kimoja cha minofu, ambacho sitakitaja, kinatafuta vibarua wa stoo ya baridi. Kazi ya usiku, malipo kila wiki. Mama alifurahi mpaka akanipikia chapati. Nami nikaona sasa naiona njia: miezi mitatu ya stoo, riwaya nzima imechapwa, bahasha inakwenda Dar es Salaam.

Nilipokwenda kujiandikisha, msimamizi wa zamu alinitazama kuanzia kandambili hadi kichwani.

"Una nguo ya baridi?"

"Nina jezi, bosi."

Akacheka kidogo. "Makoti ya kiwanda yapo, lakini ni sita na nyie mko kumi na mmoja. Na hayo sita utayakuta yamelowa jasho la zamu iliyopita. Njoo Jumatatu saa mbili usiku. Njoo na yako."

Halafu akanifungulia mlango nione. Kwanza kuna pazia la vipande vinene vya plastiki, unalisukuma kwa bega. Nje siku hiyo ilikuwa kama nyuzi 28. Ndani, kipimo kilichotundikwa ukutani kilisoma 20 chini ya sifuri. Hatua moja ya mguu, tofauti ya nyuzi 48! Vinyweleo vya puani viligeuka waya. Juu kuna mafeni makubwa yananguruma muda wote, na chini ya mafeni maboksi yamepangwa hadi karibu na dari, minofu ya samaki ambao jana walikuwa wanaogelea ziwani. Minofu hiyo hupitia kwanza chumba kingine kikali zaidi, cha nyuzi 35 hivi chini ya sifuri, ambako inagandishwa haraka iwe kama tofali, ndipo inafungwa na kuletwa stoo kusubiri kontena. Nilikaa humo dakika mbili. Nikatoka nikiwa na furaha, unaweza kuamini? Nilikuwa nimepata kitu cha kuandika.

Jumamosi nikaenda Mlango Mmoja na kopo langu.

Mitumba wazazi wetu waliita kafa Ulaya. Jina hilo lina utani mchungu, lakini linakufundisha kwamba kila nguo pale ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa na shughuli zake. Ukitafuta nguo ya baridi kali sokoni kwetu utakuta ukoo mzima. Kuna makoti ya wanawake, kuna majaketi ya pikipiki, kuna suti za kuchezea kwenye theluji, kuna ovaroli za wajenzi na wavuvi wa bahari za kaskazini. Zote zimetoka kwenye robota moja na zote ni nene ukizishika, kwa hiyo mgeni anadhani zote ni kitu kimoja. Muuzaji naye hana sababu ya kukusahihisha.

"Braza, mali hiyo hapo!" Akaivuta kutoka chini kabisa, akaikung'uta, akaipandisha juu. Nyekundu! Nyekundu ya pilipili, kipande kimoja kuanzia shingoni hadi kifundoni, mstari mweusi ubavuni, inang'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Nikaivaa juu ya fulana. Ilinikamata kiunoni na mabegani kama imeshonwa kwa kipimo changu. Akanishikia kipande cha kioo.

Sasa hapa nitasema kweli tupu. Kwenye kile kioo sikujiona mimi. Nilimwona mpelelezi wangu. Katika sura ya kumi na moja anashuka London wakati wa theluji, na mimi nilikuwa nimehangaika miezi nimvishe nini. Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu. Nikatoa shilingi 45,000, nusu ya kopo, bila kuomba punguzo la maana. Kando ya meza ilikuwepo ovaroli nyingine ya bluu iliyofifia, ina kiraka gotini, imekaa kama gunia la mkaa lililomwagwa. Muuzaji akaiinua kidogo. "Na hii elfu thelathini na nane." Nikamwambia hiyo ampelekee fundi wa malori.

Usiku wa kwanza wenzangu walinipigia mluzi. "Michelini!" "Santa Klozi!" Nilijisikia bomba. Mzee mmoja tu hakupiga mluzi. Wote walimwita Babu Stoo. Yeye ndiye mwenye miaka mingi humo ndani, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto huku nchani havina habari, hata ukivichoma sindano. Aliikamata ile ovaroli begani kwa vidole vyake vizima, akavuta.

"Dogo, hapa ndani umebakiza nafasi gani?"

"Imenikaa vizuri, Babu."

"Ndiyo, imekukaa," akasema, akaenda zake.

Taabu zilianza na mambo ya aibu. Boksi la chini kabisa linataka uchuchumae. Nilipochuchumaa mara ya tatu mshono wa makalioni ukasema *tra!* Kisha haja. Zipu ilianzia shingoni ikaishia juu ya kitovu, na haikuwa na njia ya kufunguka kutoka chini, kwa hiyo kila nikitaka kujisaidia nilivua mabega yote, nikabaki na fulana, mikono ya ovaroli inaburura sakafuni kwenye maji ya choo. Ikirudi mwilini inarudi na unyevu wake. Nikaanza kujizuia kunywa maji, jambo ambalo sasa najua lilikuwa ujinga mtupu.

Usiku wa tatu likaja kontena. Tulipakia saa tatu mfululizo, mbio mbio, mlango wazi, wengine wako nje kwenye joto na wengine ndani. Nilitoka jasho la kukamuliwa. Ile ovaroli nyekundu kwa nje ilikuwa na ngozi kama mwavuli, maji hayaingii, na maji hayatoki vilevile. Fulana yangu ya pamba ililowa, suruali ya jinzi niliyovaa ndani ikalowa kiunoni. Kontena lilipofungwa msimamizi akanipa daftari. "Wewe una mwandiko. Ingia uhesabu kilichobaki." Yaani, ndugu msomaji, ni ule mwandiko wangu ndio ulioniponza.

Kalamu ya wino ilikataa dakika za mwanzo, wino uliganda. Babu Stoo alikuwa amenionya, nilikuwa na penseli. Nikaanza safu ya kwanza. Nilitetemeka sana, meno yakagongana kama kwenye vitabu. Baadaye mtetemeko ukaisha. Nikajiambia, aah, mwili umezoea. Kukawa na utulivu wa ajabu. Mafeni nikayasikia kwa mbali kama yako Kirumba. Nakumbuka nilikuwa nahesabu na nilikuwa na hakika nahesabu vizuri sana.

Pazia likafunguka. Babu akaniuliza kitu. Nikamjibu. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti, "Mama yako anaitwa nani?" Nilijua jibu. Nililiona. Lakini mdomo ulikuwa na kazi ya kulitafuta. Hakusubiri, alinishika ukosi akanitoa kama mtoto wa paka.

Nje walinivua vyote vilivyolowa. Babu akanivisha koti lake kavu, akanifunika na blanketi la mlinzi, akanipa chai ya moto yenye sukari nyingi, nikimeza kidogokidogo. Kijana mmoja alitaka kunisugua mikono kwa nguvu akafukuzwa. Mwingine akaja na konyagi, naye akafukuzwa. Babu alisema pombe hukudanganya una joto huku inalitoa nje. Baada ya muda mtetemeko ukarudi kwa fujo, kikombe kikamwagika. Babu ndipo akatabasamu. "Sasa umerudi."

Zamu hiyo nilikatwa nusu malipo, kwa kuwa hesabu haikukamilika.

Asubuhi nililiomba lile daftari nitazame. Sijapata kusoma ukurasa ulionitisha kama ule. Mistari mitano ya juu ni mwandiko wangu, ule mwalimu wa Kiswahili aliusifu. Mstari wa sita herufi zimekua. Wa tisa umeanza kuteremka kama mtu anayeshuka mlima wa mawe. Wa kumi na mbili ni nambari 7 peke yake, 7, 7, 7, hadi mwisho wa karatasi. Na mimi wakati ule, narudia, nilikuwa na hakika nahesabu vizuri.

Nikarudi nyumbani nikatoa kaunta buku ya pili, sura ya kumi na moja. Mpelelezi wangu ameshuka London na shati la mikono mifupi, theluji inamwagika, meno yanagongana, anasugua viganja, anakunywa pombe kali chupa nzima, anapata nguvu, anawakimbiza majambazi. Kurasa kumi na nne! Sikulala. Nilikuwa nimeandika baridi ya watu, baridi niliyoiona kwenye mikanda ya video, na niliinunulia nguo kwa macho yaleyale. Nilichora mstari wa penseli kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na nne. Iliniuma kuliko vidole.

Kurudi kazini na ile nyekundu kulikuwa haiwezekani. Kuacha kazi pia kulikuwa hakuwezekani, na hapo sasa panaingia mama. Kopo lilikuwa limebaki na 45,000, lakini kati ya hizo 30,000 zilikwenda kwenye kodi ya chumba siku ileile, maana baba mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya kibati kutoka kwa wenzake wa dagaa. Hiyo fedha ilikuwa na jina lake tayari, nalo ni mabati mawili ya upande unaovuja.

"Nguo moja ulishanunua," aliniambia.

"Haikuwa ya kazi, mama."

"Ilikuwa ya nini?"

Niambie, wewe ungejibu nini? Nilinyamaza. Mama akafungua pindo la kanga, akahesabu 30,000, akaziweka juu ya meza, si mkononi mwangu. "Mwanangu, mvua za masika zimeshaanza. Ukikosea tena tutalowa wote."

Nilimwomba Babu Stoo anisindikize, akakataa. Alisema akienda yeye nitavaa macho yake, na yeye hatakuwepo kila siku. Lakini tulikaa kwenye benchi la mama ntilie karibu na geti, akanieleza kwa kirefu, nami naandika kwa penseli nyuma ya pakiti ya sigara yake.

"Nguo haina moto," alianza. "Moto unao wewe. Nguo kazi yake ni kukushikia hewa, hewa imetulia, isitembee. Ukiibana, umeifukuza hewa. Ndiyo maana nilikuuliza umebakiza nafasi gani, ukadhani nakusifia."

Nikakumbuka somo la fizikia, siku ambayo bila shaka nilikuwa nachora jalada la riwaya. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Maji yanalipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo fulana ya pamba iliyolowa ni kama kuvaa bomba la kutolea moto wako nje. Babu hakujua hesabu hiyo, lakini kanuni yake ilikuwa ileile. Ngozini vaa kitu chepesi kisichonywa jasho, jezi ya mpira ya mitumba inafaa kabisa na ni shilingi elfu mbili. Katikati sweta ya sufu. Ovaroli ndiyo paa, na paa hulijengi kabla ya kuta. Uende sokoni na hizo kuta umezivaa, na buti mguuni.

Hii ndiyo sababu ya ile sarakasi ya saa nane mchana. Nilikwenda Mlango Mmoja nimevaa jezi, sweta, na mabuti ya mpira, kwenye nyuzi 30. Muuzaji alinikumbuka. "Umeipenda ile? Nikutafutie ya kijani?"

Kwanza alinipa Carhartt ya kahawia. Jina hilo wauzaji wote wanalijua siku hizi, na bei inapanda kwa sababu yake. Ni kampuni iliyoanza Detroit, Marekani, mwaka 1889, ikiwashonea ovaroli watu wa reli. Turubai lake ni la pamba, gumu, hata msumari unalipigia hodi. Nililipenda. Kwa mtu wa nje, kwenye baridi kavu, nadhani ndilo hasa. Lakini sisi tunatoka ndani kila baada ya dakika arobaini kupumzika kwenye joto. Barafu iliyokushika inayeyuka, turubai la pamba linakunywa, halafu unarudi nalo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, linakakamaa kama mlango. Na alitaka 70,000. Nikalirudisha.

Akanipa nyingine ya mikanda mabegani, isiyo na mikono. Nzuri kwa kujisaidia, lakini kiunoni nyuma, pale unapoinama, upepo wa feni unaingia kama mpangaji. Ingetaka koti refu juu yake, na koti refu sina.

Akanipa ya manyoya ya bata, nyepesi kama hewa. Mkono wangu ukawa unaipenda wenyewe. Nikajilazimisha kukumbuka kontena. Manyoya yakilowa yanalala, yanashikana kama ya kuku aliyenyeshewa, na yakilala hakuna hewa tena. Nikairudisha nayo.

Halafu nikaiona. Gunia langu la mkaa! Ilikuwa ileile ya bluu iliyofifia, imesukumwa chini ya meza, juu yake ametupa viatu.

Nikaigeuza ndani nje kabla ya kuivaa. Hilo ndilo jambo nililojifunza ambalo ningemwambia mtu yeyote, mitumba husomwa kwa ndani. Bitana yake ilikuwa ya pamba ya kutengeneza, ile ya kwenye mito, imepigwa cherehani miraba miraba ili isiteremke yote miguuni. Nikaibinya mraba kwa mraba. Mabegani na magotini ilikuwa bado imejaa, makalioni imepungua kidogo. Nikaiinua kwenye jua nikatafuta mahali panapopenya mwanga, hapakuwa. Zipu ilikuwa na meno manene ya plastiki. Ya chuma hukubana ngozi ya kidevu kwa baridi ukajuta. Juu ya zipu kuna ulimi wa kitambaa unaofunga upepo. Ilifunguka kutoka juu na kutoka chini, nikashukuru Mungu kwa sauti. Miguuni kulikuwa na zipu nyingine ndefu, mpaka pajani, unaivua bila kuvua buti. Mwisho wa mikono umefumwa kama soksi, glavu inaingia juu yake. Shingoni kwa ndani kulikuwa na lebo yenye alama ya chembe ya theluji na maandishi EN 342. Namba zilizofuata zilikuwa zimefuliwa zikaisha. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha nguo za kujikinga na baridi kazini. Siyo hirizi, nguo iliyochakaa imechakaa hata ikiwa na lebo, lakini angalau ilinieleza kwamba mwenye nayo hakuwa akicheza.

Na kile kiraka. Kilikuwa goti la kushoto, kimeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, mishono ya mtu asiye fundi lakini mwenye subira. Goti la kulia zima. Kwa hiyo yule bwana, popote alipokuwa, alikuwa anapiga goti la kushoto akiinua kitu kizito. Bandarini? Stoo ya samaki kama sisi? Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa namsoma mtu bila kumtungia.

Nikaivaa. Nikachuchumaa mpaka chini, kimya, hakuna mshono uliolalamika. Nikanyoosha mikono juu. Pindo la mguuni halikupanda juu ya buti, na shingo haikunivuta. Nikapiga goti, la kushoto. Nikaingiza ngumi kati ya kifua na kitambaa, ikaingia na kutoka. Hapo ndipo mama wa ndizi aliponikuta.

"Elfu hamsini," muuzaji akasema.

"Wiki mbili zilizopita ilikuwa thelathini na nane."

"Wiki mbili zilizopita ulikuwa huitaki."

Tulivutana nusu saa. Nikaipata kwa 40,000. Mfukoni ikabaki 5,000 ya daladala na jezi ya mpira. Nyumbani mama aliishika, akaigeuza, akalitazama lile goti.

"Mbaya," akasema. Kisha, "Hii inafanana na kazi."

Usiku huo Babu Stoo alinishika begani kama mara ya kwanza, akavuta, kitambaa kikamfuata. Hakusema kitu. Alinipa penseli yake ndefu akachukua kipande changu kifupi. Nilihesabu stoo nzima, safu kwa safu, natoka kwa wakati, nabadilisha jezi ya ndani, narudi. Mistari ilikuwa imenyooka mpaka mwisho wa ukurasa. Siyo kwamba baridi haikuwepo, vidole vya miguu vililalamika mpaka nilipopata soksi za sufu mwezi uliofuata. Lakini nilijua nilipo na nilijua jina la mama.

Wenzangu bado wanaingia na makoti sita ya watu kumi na mmoja. Tuliandika barua, mimi ndiye niliyeiandika, watu tisa tukatia sahihi. Msimamizi aliipokea akasema ameisikia. Hadi naandika haya makoti ni sita. Mmoja wetu asiye na koti kabisa huwa tunamwazima ovaroli yangu tukitoka kupumzika, namvua mimi anavaa yeye, kwa bahati ni mnene kuliko mimi na bado inamtosha.

Ile nyekundu niliishonesha makalioni nikamtembeza nayo kila mtu. Alionunua ni kijana wa bodaboda wa Nyegezi, shilingi 25,000. Nilimwambia kasoro zake zote, akashangaa muuzaji wa namna gani huyu. Lakini yeye hachuchumai, habebi, hatoki jasho. Anakaa, na upepo wa alfajiri wa ziwani ndio adui yake, na ule upepo ile ngozi ya mwavuli inauzuia barabara. Mabati ya mama tumeyaweka moja, la pili linasubiri wiki mbili.

Kuhusu riwaya: steshenari bado haijaona hata senti yangu. Sura ya kumi na moja naiandika upya kwa penseli, asubuhi nikitoka zamu, kabla usingizi haujanishinda. Mpelelezi hafiki London tena. Analifuatilia genge mpaka kwenye stoo ya baridi hapahapa Mwanza, saa nane usiku, na kabla ya kuingia inambidi atafute nguo. Nimefika ukurasa wa sita na bado yuko sokoni.

Juzi nilikuwa natoka getini saa kumi na mbili asubuhi, ovaroli begani, macho yamejaa mchanga. Pikipiki ikapita kasi kuelekea Nyegezi, dereva kanyooka juu yake, mwekundu kuanzia shingoni hadi kifundoni, mstari mweusi ubavuni. Akanipigia honi. Abiria wake nyuma, kijana wa shule, alikuwa anatetemeka ndani ya shati la mikono mifupi.